Nilipoacha Kuunganisha Matawi kwa Mkono

Kwa miaka mitatu kazi yangu kubwa ilikuwa kuunganisha kazi za wenzangu. Tulikuwa watu sita tunaoandika programu za kompyuta katika chumba kimoja Old Kampala, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Jengo lilikuwa la familia ya Kihindi iliyofukuzwa zamani na kurudi baada ya vita vya themanini na sita. Ngazi zake za mbao zililia kila mtu alipopanda, hata tukawa tunamjua anayekuja kabla hajafungua mlango.

Programu yetu ilitumika katika vituo vya afya. Mkunga anamwandika mtoto kwenye tableti, na siku ya chanjo ikikaribia mama anapata ujumbe kwenye simu. Ni hivyo tu. Kuieleza ni sentensi mbili, lakini kuiandika kulituchukua miaka.

Sasa, watu sita hawawezi kuandika kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Kila mtu huchukua nakala ya programu nzima na kuifanyia kazi peke yake, na nakala hiyo ndiyo tuliyoiita tawi. Programu yenyewe, ile inayokwenda vituoni, tuliita shina. Mtu akimaliza, tawi lake lirudishwe shinani. Likirudi moja, hakuna taabu. Yakirudi sita, na watu wawili wakawa wamegusa mstari uleule, kompyuta inasimama na kuuliza ichukue wa nani. Hapo lazima mtu ajibu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya mdomo wangu, si kwa sababu ya akili nyingi. Nilizaliwa kambini miaka michache baada ya vita, baba yangu askari kutoka kaskazini, na Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza niliyogombezwa nayo. Ofisini kwetu alikuwepo Mkenya, walikuwepo wawili wa West Nile, na bosi wetu Muganda aliyejifunza Kiswahili shingo upande, maana utotoni mwake ilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Mimi niliweza kwenda meza hadi meza nikimuuliza kila mmoja, kwa Kiswahili chake, alimaanisha nini alipoandika mstari ule. Alhamisi ilikuwa siku yangu. Wenzangu waliacha kuandika asubuhi, wakashuka kununua rolex, zile chapati zilizoviringishwa na mayai, na kukaa kwenye kivuli cha ukuta, nami nikabaki na matawi yao mpaka jioni.

Alhamisi moja ya mvua, Mkenya alileta marekebisho ya watoto mapacha. Programu ilikuwa na ujinga fulani: ikiona watoto wawili wa mama mmoja wenye tarehe moja ya kuzaliwa, ilidhani mkunga ameandika mtoto yuleyule mara mbili, ikamfuta wa pili. Mkenya aliongeza mistari minne ya kuizuia. Wiki hiyohiyo mwenzetu mwingine alikuwa amepanga upya sehemu ileile ili iende kasi zaidi. Kompyuta ikasimama, ikauliza swali lake. Ilikuwa saa kumi jioni, nilikuwa nimeamua mambo tangu asubuhi, na macho yalikuwa yakiniuma. Nikachukua kazi ya yule wa pili nikidhani ile mistari minne imo ndani yake. Haikuwamo. Nikafunga kompyuta, nikashuka ngazi, nikaenda zangu nyumbani.

Wiki tatu baadaye simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mkunga wa kituo kidogo cha afya jirani na kambi ya polisi, mke wa sajini, mtu ambaye nilimjua kwa sauti tu.

"Dada wa kompyuta, habari ya kazi?"

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sikia. Hapa kwangu iko Nnalongo, mama wa mapacha, amekuja na watoto wake wawili. Tableti yenu inajua mmoja. Huyu mwingine nimemwandika mimi, na mkono wangu. Amekwenda wapi?"

Nilijua kabla hajamaliza.

"Wamechanjwa wote, mama?"

"Nimewachanja wote. Mimi nina macho. Lakini nauliza wale ambao hawajakuja."

Tulitafuta katika vituo vyote tukawapata watoto wengine waliofutwa, kila mmoja pacha wa pili. Niliomba niwapigie mama zao mwenyewe. Nilipiga simu siku mbili, nikiomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Luganda yangu mbovu. Wote walipatikana ila mmoja. Simu yake ilikuwa imezimwa, na kwenye anwani palikuwa na neno moja tu, Namuwongo, mtaa mkubwa wa mabanda kando ya reli.

"Mimi ninakaa kule," ilisema sauti nyuma yangu.

Alikuwa mwenzetu mpya, hajamaliza mwezi. Mwanamke wa makamo kutoka Bukavu, mkimbizi, mama wa watoto watatu. Asubuhi za Jumamosi aliuza vitenge kando ya reli, na kompyuta alijifunza katika chumba cha kanisa ambako wakimbizi walipewa mafunzo. Siku zote alikaa kimya, amefunga kitambaa kichwani, akisoma kazi zetu kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Sikuwa nimezungumza naye zaidi ya salamu.

Tulikwenda pamoja, kwa miguu, tukifuata reli. Aliuliza kwa muuza mkaa, akauliza kwa fundi cherehani, na kila aliyemuuliza alimwita Mama. Tulimkuta yule mama anakaanga mihogo mbele ya mlango wake, mapacha wamelala kwenye mkeka. Simu yake ilikuwa imeanguka kwenye maji. Nilimweleza kosa langu lote. Aliepua karai, akamwachia jirani mihogo, akambeba mmoja mgongoni, nami nikambeba yule wa pili mpaka kituoni. Alikuwa mzito, anatoa jasho kichwani, na njia nzima alinishika sikio.

Tuliporudi, yule mwenzangu alisema, "Dada, ile kazi yako ya Alhamisi, ile ni kazi ya mashine."

"Mashine itajuaje mtu alimaanisha nini?"

"Haitajua." Aliruka dimbwi, akanisubiri ng'ambo. "Na wewe, ulijua?"

Nilikasirika, tena sana. Nilitangulia mbele mpaka barabara ya lami, naye hakuomba msamaha. Lakini jioni ile, nikiosha vyombo, niliendelea kuliona swali lake limekaa mbele yangu. Sikujua. Nilikisia, kama kila Alhamisi nilivyokisia, na mara nyingi nilibahatisha.

Asubuhi nilimpelekea kikombe cha chai mezani kwake. "Haya, nionyeshe."

Akavuta kiti. "Kwanza, munangoja wiki nzima. Matawi yanakuwa makubwa, yanagongana. Mutu akirudisha kazi yake kila siku, kidogo kidogo, yatagongana namna gani? Pili, wewe uniambie kila kitu unachoogopa. Kimoja kimoja."

"Ninachoogopa?"

"Siku ya Alhamisi, macho yako yanatafuta nini? Yanaogopa nini?"

Nikaanza na mapacha. Aliandika hapohapo jaribio dogo: mama wa kubuni, watoto wawili wa kubuni wa tarehe moja. Programu ikimrudisha mtoto mmoja, jaribio limeanguka, na kazi iliyoleta jambo hilo isiingie shinani. Nikasema naogopa mtoto aliyezaliwa tarehe ishirini na tisa Februari. Akaandika. Naogopa kina mama watano wanaotumia simu moja ya jirani. Akaandika. Majina yetu ya kaskazini yenye kialama katikati, kama kile cha neno ng'ombe, ambayo programu ilikuwa ikiyakata. Mtandao unaokatika, tableti ikatuma habari ileile mara mbili. Tulikaa hivyo karibu wiki mbili, mimi nikisema, yeye akiandika, na nilishangaa jinsi hofu zangu zilivyokuwa nyingi na jinsi nilivyokuwa nimezibeba peke yangu bila hata kujua kuwa ni mzigo. Nyingine nilizikumbuka nikiwa njiani kuja kazini, nikawa napanda ngazi mbio nisije nikazisahau.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya zamani ya bosi, imewekwa juu ya kabati. Kazi yake ni hii: mtu akimaliza, tawi lake linaingia kwenye foleni. Mashine inalichukua la kwanza, inaliunganisha na nakala ya shina pembeni, inapitisha majaribio yote, mamia ya hofu, katika dakika chache. Yakipita, tawi linaingia shinani. Likianguka hata moja, tawi linarudishwa kwa mwenyewe na maneno ya kumwonyesha palipovunjika. Wawili wakigusa mstari mmoja, haikisii. Inamwambia wa pili akazungumze na wa kwanza, siku hiyohiyo, wakati bado wote wanakumbuka walichokuwa wakifikiri.

Ilianza Jumatatu. Sote pamoja na bosi tulisimama mbele ya kioo cha kompyuta kana kwamba tunangoja matokeo ya mtihani.

"Enderea, nyabo," bosi alimwambia mwenzetu wa Bukavu, akimwita bibi kwa Luganda.

Akabonyeza. Foleni ilikuwa na matawi matano. La kwanza lilikuwa langu. Mistari ikapita kwenye kioo, majaribio yakiwaka kijani moja baada ya jingine, halafu likatokea jekundu. Tawi langu likarudishwa. Nilikuwa nimekata majina yenye alama, kosa nililolitaja mwenyewe kwa kinywa changu siku kumi kabla.

Wenzangu walicheka mpaka Mkenya akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama matawi mengine. La pili likaunganishwa. La tatu. La nne lilikuwa limetengenezwa kabla ya la pili kuingia, lakini mashine ililipima upya juu ya shina jipya, kwa uvumilivu uleule, bila kuchoka na bila kukisia. Kisha la tano. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Kazi niliyokuwa nikiifanya siku nzima, nikitoka na kichwa kinagonga, ilikuwa imekwisha, na nilijua pasipo shaka yoyote kwamba hakuna mstari uliodondoka njiani. Nilihisi kitu nilichowahi kuhisi mara moja tu, siku baba aliponipeleka, bado mdogo, kuona maji ya bwawa yakitoka chini kwa nguvu. Mtu anataka kusogea nyuma hatua moja.

"Ni watu wameifanya hii?" nilimuuliza yule mama wa Bukavu, swali la kijinga.

"Ni wewe," alisema. "Mimi niliandika tu."

Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani.

Alhamisi zangu zikawa wazi. Niliogopa kwamba bosi ataniona sina kazi. Badala yake aliniambia niende vituoni nikakae na wanaoitumia programu, niwasikilize. Kituo cha kwanza nilikichagua mwenyewe, kile cha jirani na kambi ya polisi.

Mkunga alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alinitazama juu chini. "Ndiyo wewe uliyempoteza mtoto wa Nnalongo?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Kaa hapo. Utakunywa chai." Akaweka birika kwenye jiko la umeme, akaendelea na kazi.

Aliingia mama mmoja kijana na mtoto wa siku nne. Mkunga akamwandika, akafika mahali programu inapouliza mtoto alizaliwa wapi. Majibu yalikuwa matatu: hospitali, kituo cha afya, nyumbani.

"Wewe ulizalia wapi?"

"Njiani, mama. Juu ya boda boda. Tulikwama kwenye foleni ya magari."

"Naandika nyumbani. Siku zote naandika nyumbani."

"Lakini si nyumbani," mama alisema taratibu. "Ni barabarani. Yule wa boda boda alivua koti lake akamfunika. Askari wa barabarani akasimamisha magari yote."

Mkunga akanigeukia. Aliinua nyusi tu.

Nilimpigia simu Old Kampala yule mwenzangu wa Bukavu, nikamweleza.

"Njiani," alisema. "Mimi pia mutoto wangu wa kwanza nilimuzalia njiani. Tulikuwa tunakimbia." Nilisikia kiti chake kikivutwa. "Ungoje. Usiache yule mama aende."

Nikafungua simu yangu kuitazama foleni. Birika lilikuwa limeanza kunguruma. Tawi lake likatokea, dogo kabisa. Mashine ikalichukua, majaribio yakawaka kijani, kisha jekundu. Ripoti ya kila mwezi, ile inayojumlisha watoto kwa mahali walipozaliwa, ilikuwa inajua sehemu tatu tu. Mtoto wa njiani angehesabiwa miongoni mwa watoto wote, asionekane popote. Jaribio hilo sikulitaja mimi, lilikuwa la Mkenya. Zamani kosa kama hilo lingepita mikononi mwangu, ningeligundua baada ya miezi, au nisiligundue kamwe. Dakika chache baadaye tawi likarudi kwenye foleni limerekebishwa. Kijani, kijani, kijani, mpaka mwisho. Tawi likaingia shinani.

"Mama, fungua upya hiyo tableti."

Mkunga akaifungua. Akasoma kwa sauti, polepole: hospitali, kituo cha afya, nyumbani, njiani. Akaigeuza amwonyeshe yule mama. Birika likachemka likawa linatikisa kifuniko chake, hakuna aliyeinuka kulizima.

"Nani amekuja kuweka?" mkunga aliuliza.

"Hakuna aliyekuja."

"Sasa hivi? Tukiwa tumekaa hapa?"

"Sasa hivi. Na vituo vyote vinalo."

Mkunga alitazama dari, kisha dirisha, kama anayetafuta mahali neno lilipopitia. Nilifahamu kila hatua ya safari ya neno lile, ningeweza kuichora ukutani, na bado niliona ajabu kama vile sikufahamu chochote. Mwanamke aliyezalia njiani katika nchi nyingine amesikia habari ya mwanamke aliyezalia njiani hapa. Kati yao hofu zetu zote zimesimama kama walinzi, zikakagua, zikaruhusu. Na maji ya chai hayajapoa.

Mkunga akabonyeza. "Haya," alimwambia mama, "sasa mtoto wako amezaliwa alipozaliwa."

Yule mama alicheka akiwa na machozi. Alitaka kujua kama jina la mwenye boda boda linaweza kuandikwa pia. Mkunga akamwambia asizidishe.

Mwaka uliofuata mwenzangu wa Bukavu alikubaliwa, kama mkimbizi, kuhamia nchi ya mbali, yeye na watoto wake. Alikuwa ameomba miaka mingi, na jibu lilikuja wakati alipokuwa ameacha kulingoja. Tulimuaga katika uwanja wa kanisa lao Namuwongo, kwa nyimbo nyingi, kwa sombe, yaani kisamvu, na samaki, na treni ya mizigo ilipita katikati ya hotuba ya bosi akalazimika kuanza upya. Nilimpa gomesi, lile vazi refu la kina mama wa Uganda. Aliivaa palepale juu ya kitenge, watu wakapiga vigelegele.

"Nani ataangalia mashine?" nilimuuliza tulipokuwa tukikusanya sahani.

"Mashine si ya kuangaliwa. Inataka kuambiwa. Kila mutu mupya akija, umuulize anaogopa nini."

Nilifanya hivyo, na bado nafanya. Mtu akiajiriwa, kabla hajapewa hata nywila, namketisha na kikombe cha chai namuuliza swali hilo. Wengi hucheka mwanzoni. Baadaye wanasema, nami naandika. Kijana mmoja kutoka Gulu alituambia jambo kuhusu watoto wanaolelewa na bibi zao ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliwaza, na jaribio lake limeshazuia matawi mengi, mawili yakiwa yangu.

Na yule mama wa Bukavu hakutuacha. Huko aliko anatufanyia kazi siku chache za wiki. Kwake kunapokuwa mchana sisi tumeshafunga ofisi, basi hatuonani hata kwenye kioo. Asubuhi napanda ngazi, nafungua madirisha kwanza kwa sababu ya joto, kisha nasoma kilichoingia shinani. Jana yalikuwa matawi mawili yake. Moja lilirekebisha ujumbe wa simu unaotumwa kwa mama aliyefiwa na mtoto, ili usimkumbushe chanjo tena. Nililisoma nimesimama, mkoba bado begani.